Chakula cha Mtoto Aendaye Shuleni

Mtoto wa shule aondokaye nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, na chakula chake ki mkobani, hatakifungua mpaka yapata saa saba mchana. Chakula hicho pengine kimepikwa saa kumi na moja alfajiri, au jana jioni. Basi tangu kuepuliwa mekoni hadi kutiwa kinywani hupita saa saba au nane, na katika saa hizo zote mama hayupo kukitazama, wala hapana moto wa kukipasha. Mambo mengi yanayowasumbua wazazi juu ya chakula cha shuleni, kama vile chakula kuchacha, ugali kuwa mgumu, mchuzi kumwagika juu ya madaftari, au mkebe kurudi jioni ukiwa umejaa vile vile ulivyokwenda, chanzo chake ni kimoja. Tumezoea kupika chakula kiwe kizuri wakati tunapokipakua. Chakula cha shule yapasa kipikwe kiwe kizuri saa ile kitakapoliwa.

Si kila mtoto huchukua chakula. Mwaka 1979 watoto wa shule za msingi walianza kupewa maziwa, ambayo watu wazima wengi wangali wakiyakumbuka kwa jina la maziwa ya Nyayo, ingawa hayapo tena. Mwaka 1980 Serikali, ikisaidiana na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, ilianza kuwapikia watoto chakula cha mchana katika sehemu kavu za nchi, na mwaka 2009 ikaanzisha mpango wake yenyewe wa kununua chakula karibu na shule zenyewe. Mjini Nairobi, Serikali ya Kaunti ilianza mwaka 2023 mpango uitwao Dishi na County, ambao mtoto alitakiwa kulipa shilingi 5 tu kwa sahani moja. Mzazi ambaye shule ya mtoto wake ina jiko la namna hiyo na alitumie, maana chakula kitokacho jikoni moja kwa moja kina faida ambayo mkebe hauwezi kuwa nayo: ni cha moto. Lakini shule nyingi hazina jiko. Karo ilipoondolewa katika shule za msingi za Serikali mwaka 2003, chakula cha mchana kilibaki kuwa shauri la nyumbani. Wazazi wa watoto hao ndio tunaosema nao hapa.

Yatendekayo ndani ya mkebe

Watu wengi hudhani ya kuwa chakula kilichochemka sana hakina tena kijidudu hata kimoja cha ugonjwa. Sivyo. Kuchemsha huua vilivyo vingi, lakini vipo vingine ambavyo hujifungia katika ganda gumu, mfano wa mbegu iliyokauka, na ganda hilo halivunjwi na maji yachemkayo. Kimoja cha jamii hiyo wataalamu hukiita Bacillus cereus, nacho chapenda sana wali na vyakula vingine vya wanga. Chakula kikipoa na kuwa vuguvugu, mbegu ile huota. Tena viko vijidudu vitokavyo mikononi mwetu, puani mwetu, na katika vidonda vidogo vya vidole, ambavyo huingia chakulani baada ya kupikwa, wakati tunapokikata na kukipakua.

Na tufanye hesabu kidogo. Katika hali ivifaayo, vijidudu vya namna nyingi huweza kuwa mara mbili kila baada ya dakika 20 hivi. Kijidudu kimoja kilichoingia mkebeni saa kumi na mbili asubuhi kitakuwa vijidudu 8 ifikapo saa moja, 64 ifikapo saa mbili, 512 ifikapo saa tatu. Na saa saba mchana, kama hapana kitu kilichovizuia, vitakuwa vimepita 2,000,000. Mtoto afunguaye mkebe huo huenda asisikie harufu yo yote mbaya wala asione povu. Baadhi ya vijidudu hivi hutoa sumu, na sumu ya namna nyingine haiondoki hata chakula kikichemshwa upya. Kwa hiyo shauri la kusema "kikichacha tutakipasha moto" halitoshi.

Shirika la Afya Duniani, katika mafundisho yake ya mwaka 2001 juu ya usafi wa chakula, lilisema kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika hali ya kawaida ya chumba zaidi ya saa 2. Kikitakiwa kukaa muda mrefu, na kikae katika joto lipitalo digrii 60 za Sentigredi, au katika baridi iliyo chini ya digrii 5.

Saa 2 tu! Mama wa Kayole au wa Kakamega, ambaye hana friji wala mwanawe hana pa kukipasha chakula, atasema kwamba amri hiyo imewekwa kwa ajili ya watu wengine. Sivyo, lakini ni kweli kwamba yamtaka afikiri kabla ya kupika. Njia zilizo wazi kwake ni mbili. Ama chakula kiwe cha moto kweli tangu asubuhi hadi mchana, ama kiwe cha namna ambayo vijidudu havipati nafasi nzuri ya kuzaana ndani yake. Chakula kilicho katikati, chenye maji na uvuguvugu, ndicho kinachowalaza watoto kitandani.

Kuweka chakula kiwe cha moto

Siku hizi madukani kuna mikebe yenye kuta mbili, iitwayo hotipoti, na chupa za chai zenye mdomo mpana ziwezazo kutiwa chakula kizito. Ni vyombo vizuri, ila katika nyumba nyingi hutumiwa vibaya, kwa kuwa watu hudhani kwamba hutia joto. Havitii joto, hulinda tu joto lililomo. Mtu akitia wali vuguvugu katika hotipoti, atakuwa amewatandikia vijidudu kitanda chenye blanketi.

Chombo hicho kitumiwe hivi. Maji yachemke kwanza, yatiwe ndani, kifuniko kifungwe, yakae dakika 10, ndipo yamwagwe. Kwa njia hii kuta za ndani hupata joto, zisije zikakinyang'anya chakula joto lake. Chakula nacho kitoke mekoni kikitokota, kijaze chombo mpaka karibu na kifuniko, kwa maana nafasi tupu hupoza. Kisha kisifunguliwe tena. Mtoto afunguaye saa nne ili kuchungulia kilichomo amekwisha kukiharibu chakula cha saa saba.

Kabla ya kukiamini chombo, kipimeni. Siku ya Jumamosi kijazeni maji yachemkayo saa kumi na mbili asubuhi, kifungeni, kikae mpaka saa saba. Hapo kifungueni, mkachovye kijiko cha chuma ndani yake kwa kitambo kidogo. Kijiko kikiwa cha moto hata hakishikiki, chombo chafaa. Kikishikika kwa raha, basi chombo hicho ni cha kulinda chakula saa mbili tatu, si saba, hata kama mwenye duka aliapa.

Vyakula vivumilivu

Kwa nyumba nyingi njia ya pili ndiyo rahisi, nayo ni nafuu. Kijidudu chahitaji maji ili kizaane. Kikikosa maji, au kikakuta uchachu, au kikazuiwa na ganda zima, hakiendelei upesi. Chapati kavu, mkate, mandazi, mahamri, mahindi ya kukaanga na njugu karanga ni vyakula ambavyo maji yake ni machache. Ndizi mbivu na chungwa vimekwisha kufungwa na Mungu mwenyewe katika karatasi yake, wala havihitaji kisu mpaka saa ya kuliwa. Na parachichi laweza kwenda zima, mtoto mkubwa akalipasua huko huko. Chungwa likimenywa nyumbani na kukatwa vipande, faida hiyo yote imepotea.

Juu ya uchachu, wazee wetu walikuwa na maarifa ambayo sisi tunayaacha bila sababu. Uji wa wimbi au wa mtama, ambao unga wake umelowekwa na kuchachuliwa usiku na kupikwa asubuhi, hukaa vizuri kuliko uji mtamu, kwa sababu vijidudu vingi havipendi ukali ule. Maziwa lala vivyo hivyo huvumilia, hali maziwa matamu yaliyotiwa chupani asubuhi huweza kuharibika kabla ya mchana. Ila maziwa hayo yachemshwe kwanza, ndipo yagandishwe, maana kuchacha peke yake hakuui magonjwa yote yatokayo kwa ng'ombe.

Viazi vitamu na nduma vyasimama katikati. Vikichemshwa asubuhi ile ile na maganda yake, vikachujwa na kuachwa vikauke mvuke kabla ya kufungwa, vina nguvu ya kutosha kumfikisha mtoto jioni, na vile viazi vyenye rangi ya machungwa ndani vina vitamini A. Lakini vina maji. Kwa hiyo visifungwe vikiwa bado vyatoa mvuke, kwani mvuke ule hugeuka maji chini ya kifuniko. Mayai ya kuchemsha yaivishwe mpaka kiini kiwe kigumu, nayo yaende na ganda lake, lisiwe na ufa.

Vyakula ambavyo singependa kuviona mkebeni, isipokuwa katika chombo cha moto kilichokwisha kupimwa, ni mukimo, wali wa maharagwe, nyama ya mchuzi, samaki wa mchuzi, na cho chote chenye tui la nazi. Mukimo huponda pamoja viazi, mboga na mahindi, na kila upondaji huingiza hewa, mwiko na mikono. Tui nalo huchacha upesi mno. Watu wa Pwani hupenda mahamri kwa mbaazi, na ni nani awezaye kuwalaumu? Lakini katika joto la Mombasa au la Lamu, mahamri na yaende shuleni, mbaazi ziliwe nyumbani. Watu wa Ziwani waweza kukaanga omena mpaka zikauke kabisa na kulia kama majani makavu. Hizo husafiri kuliko samaki wa maji maji. Hali ya hewa nayo ihesabiwe. Chakula ambacho huko Nyandarua, katika baridi ya mwezi wa saba, hufika mchana kikiwa salama, huko Garissa au Lodwar kitakuwa kimeharibika mapema. Na mahali po pote, mkoba ukining'inizwa dirishani penye jua, hesabu zote hubadilika. Mtoto afundishwe kuuweka chini, kivulini.

Liko jambo jingine ambalo wazazi wachache hulitumia. Shule nyingi zina mapumziko mawili, moja yapata saa nne, na jingine la chakula cha mchana. Basi mtoto apewe vifungu viwili vilivyofungwa mbali mbali, naye aambiwe kipi cha kwanza. Kilicho dhaifu kiliwe saa nne: yai, kiazi, maziwa. Kilicho kikavu kingoje saa saba. Kwa kupanga hivyo tu, saa za hatari zimepungua karibu nusu, na hapana senti iliyoongezwa.

Habari za githeri na kiporo

Githeri yastahili kusemwa peke yake, maana ndiyo chakula cha shule cha sehemu nyingi za nchi hii, na ni chakula bora sana. Mahindi yana upungufu fulani wa kujenga mwili, na maharagwe yana upungufu mwingine; vikiwa pamoja, kimoja hutimiza cha mwenzake. Lakini ina mambo matatu ya kuangaliwa.

La kwanza ni maharagwe, hasa yale mekundu. Yakiwa mabichi au hayakuiva yana sumu ya asili, ambayo husababisha kutapika sana. Yalowekwe usiku, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu, si kwa moto wa kufifia, walau dakika 10, ndipo yaendelee polepole mpaka yalainike. Wale wanaotumia kikapu cha kuhifadhi joto ili kupunguza makaa na kuni wasiingize maharagwe kikapuni kabla hayajachemka hivyo.

La pili ni mahindi yenyewe. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa kula mahindi yaliyoota kuvu kwa sababu ya kuhifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumukuvu haiondolewi kwa kupika. Mahindi yenye rangi ya kijani, nyeusi au ya majivu, yaliyokunjamana, au yenye harufu ya chumba kilichofungwa, yasitiwe sufuriani hata kama ni ya mwisho nyumbani. Wala yasisagwe ili kufichwa ndani ya unga wa uji. Njugu karanga nazo zichaguliwe vivyo hivyo moja moja. Twajua kwamba ni vigumu kumwambia mtu mwenye njaa atupe nafaka. Lakini sumukuvu humdhuru ini mtu mzima na mtoto pia, na mtoto ni mwepesi zaidi.

La tatu ni kiporo. Nyumba nyingi hupika githeri jioni, sufuria ikakaa usiku kucha juu ya majivu yenye joto, kisha asubuhi ikapashwa na kutiwa mkebeni. Mtu atasema kwamba watu wamekula kiporo tangu zamani na hawakufa. Ni kweli, lakini waliokula kiporo walikila saa moja asubuhi kikitoka motoni, wala hawakukibeba mgongoni saa saba nyingine. Nyumba yenye friji na iitie chakula humo mapema katika chombo kipana, si kirefu, ili kipoe upesi, na asubuhi kichemke chote, sio kandokando tu. Nyumba isiyo na friji, githeri ya jana na iwe ya kufungua kinywa asubuhi, na mtoto achukue chapati na ndizi. Kazi ya jioni yaweza kuwa kukanda unga na kuchoma hizo chapati. Zikiandaliwa kwa maji ya moto na mafuta kidogo, zikafungwa katika kitambaa safi baada ya kupoa, hazikakamai. Lakini zikiachwa wazi mezani usiku kucha, hata mbwa atazifikiria mara mbili.

Kwa nini mkebe hurudi umejaa

Mzazi akiona chakula kimerudi, hukasirika, na mtoto akiona hasira hujifunza kukimwaga njiani. Hapo mzazi amepoteza habari ambayo ingemsaidia. Afadhali aulize kwa upole, tena auangalie mkebe wenyewe.

Pengine mtoto hakuweza kuufungua. Kifuniko ambacho mama hukifunga kwa nguvu za mkono wake, mtoto wa miaka 6 hawezi kukifungua, naye ataona haya kumwendea mwalimu kila siku. Ajaribiwe nyumbani kabla ya kununuliwa. Pengine meno yamemtoka: watoto wa miaka 6 na 7 hung'oka meno ya mbele, na punje za mahindi ni adhabu kwao. Kwa watoto hao watu wa Ukambani wana dawa tangu zamani, nayo ni muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa ganda, ambayo hulainika. Pengine ugali ulikuwa umekakamaa. Wanga uliopikwa ukipoa hujikaza, hivyo ndivyo ulivyo, na hakuna ujuzi wa upishi utakaoufanya ugali wa saa kumi na moja uwe mlaini saa saba. Ugali usipelekwe shuleni. Au pengine muda ulikuwa mfupi, foleni ya maji ya kunawa ikawa ndefu, na kengele ikalia.

Na pengine ni aibu. Jambo hili wazazi hulidharau, nalo ndilo zito kuliko yote. Mjini hasa, mtoto aliyefungua mkebe wenye nduma karibu na mwenziwe mwenye mkate wa siagi na soseji huweza kuchekwa, na aliyechekwa mara moja hukaa na njaa mwezi mzima kuliko kuufungua tena. Njaa hiyo huonekana darasani saa nane, anapolala juu ya dawati, na mwalimu humdhania mvivu. Kumwambia mtoto kwamba nduma ina faida kuliko soseji ni kweli, wala hakumsaidii kitu. Yafaayo ni kumshirikisha katika kuchagua: achague yeye kati ya vitu viwili ambavyo mzazi anavimudu, akivikate vipande anavyovipenda, akavifunge mwenyewe. Tena walimu wana sehemu yao. Mwalimu aketiye na darasa na kula nduma yake mbele yao amefanya kazi kubwa kuliko mhadhara.

Lakini yuko mtoto ambaye haonei aibu chakula, bali aona aibu kwa kuwa hana. Hufungua mkebe mtupu akajifanya ala, au hutoka uwanjani wenziwe wanapokula. Mzazi ambaye mwanawe huomba chapati mbili badala ya moja, bila kusema sababu, asiharakishe kumwita mlafi. Pengine kuna wawili wanaokula.

Vyombo na vitu vya kufungia

Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilikatazwa nchini Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na hata ingekuwa ruhusa, si kitu cha kutilia chakula cha moto. Makopo ya mafuta ya kupikia yaliyooshwa vizuri, kama yale ya Kasuku ambayo yamewalisha watoto wengi wa nchi hii, yafaa kwa vyakula vilivyopoa na vikavu. Kopo lililokuwa na rangi ya nyumba, dawa ya mifugo au dawa ya mimea lisitumiwe kamwe, hata likioshwa mara kumi. Gazeti nalo lisifungie chapati, maana wino wake huingia katika mafuta. Na tunasema hivyo tukijua kwamba ukurasa huu wenyewe utatazamwa kwa shughuli hiyo kabla ya Ijumaa. Kitambaa cha pamba kilichofuliwa na kukaushwa juani chafaa zaidi, kiwe vipande viwili, kimoja kivaliwe na chakula na kimoja kiwe kambani.

Mchuzi ukilazimu kwenda, uwe mzito, chombo kisimame wima, na kifuniko kizungushiwe kitambaa kilichofungwa fundo juu. Madaftari yawekwe upande mwingine wa mkoba. Chombo kioshwe jioni ile ile kwa sabuni na maji ya moto, hasa mfereji mwembamba wa kifuniko, ambamo chakula cha juzi hupenda kujificha, kisha kikauke wazi.

Maji ya kunywa yachemshwe na kutiwa katika chupa ya mtoto mwenyewe. Chai ya rangi isiandamane na chakula, kwa sababu huuzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga. Chungwa, kinyume chake, husaidia. Juu ya kunawa mikono, shule isiyo na bomba yaweza kutundika vibuyu chirizi, ambavyo ni vidumu vyenye tundu na kamba ya kukanyagia, pamoja na kipande cha sabuni. Kamati ya wazazi yaweza kuvitengeneza kwa mchana mmoja.

Mtoto akiugua

Mtoto aliyekula chakula kibaya huweza kutapika baada ya saa chache, au kuharisha siku hiyo au ya pili. Kinachomdhuru mbele ya vyote ni kupungukiwa na maji mwilini. Apewe dawa ya chumvi na sukari ipatikanayo zahanati, na isipokuwa karibu, itengenezwe nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Vipimo visizidishwe, kwa kuwa chumvi nyingi ni hatari. Anywe kidogo kidogo. Akitapika, angojewe dakika 10, aanze tena polepole. Aendelee kupewa chakula. Zahanati hutoa pia vidonge vya zinki kwa mtoto mwenye kuharisha.

Apelekwe hospitali bila kukawia akiwa na damu katika choo, au macho yamedidimia, au hawezi kunywa, au amelegea na usingizi haumwachi. Mwalimu wake aambiwe siku hiyo hiyo mtoto alikula nini na alikula na nani, ili wale waliomegewa watazamwe pia.